Swali Linarudi kwa Mwenyewe

Omollo aliingia Mbale kutoka Tororo, klachi ya pikapu ikinuka kama mpira uliochomwa, na mlima mbele yake ukiwa umejifunika wingu hadi mabegani. Mji huu hakuwahi kuufikia. Alikuwa amefika Juba, Bukavu na Bujumbura, akakaa Mombasa bandarini na Tanga kwenye mkonge, na kila mahali aliondoka kabla majirani hawajamzoea. Popote alipofika alianza kwa kumuuliza mtu wa kwanza swali dogo, ili aupime mji. Wakati ule wanajeshi walikuwa wameishika Uganda kwa mwaka wa nne, na majibu ya watu yalimwambia kama apakue chumvi aliyokuja kuuza au asizime injini.

Alisimama karibu na mnara wa saa, kwa mwanamke aliyekuwa akiuza njugu.

"Mama, fundi wa magari yuko wapi?"

Mwanamke akaweka chini kikombe cha kupimia. "Unauliza fundi yuko wapi sasa hivi, au gereji yake iko wapi?"

"Gereji."

"Umeuliza gereji iko wapi. Iko nyuma ya msikiti. Fundi mwenyewe yuko matangani."

Omollo akashukuru, akaliacha gari hatua chache mbele na kumfuata polisi aliyekuwa amesimama kivulini.

"Afande, naweza kuliacha gari hapa?"

"Unauliza kama nafasi iko, au kama inaruhusiwa?"

"Kama inaruhusiwa."

"Hairuhusiwi," polisi akasema. "Nafasi iko."

Kule gereji akamkuta mlinzi, akamuuliza fundi atarudi lini. Mlinzi akataka kujua kama anauliza fundi atarudi lini kutoka matangani, au atarudi lini kazini, maana marehemu alikuwa mjomba wake na palikuwa na pombe. Hapo Omollo akaanza kushuku kwamba mji umekaa kikao na kuamua kumchezea. Bukavu walimwimbia. Juba walimnyamazia. Lakini kurudishiwa swali lake mwenyewe, kama sahani iliyoonekana na uchafu, hilo lilikuwa jipya.

Fundi alipopatikana kesho yake, Omollo alimuuliza jambo moja tu.

"Nani amewafundisha watu wa hapa kujibu namna hii?"

"Umeuliza nani ametufundisha," fundi akasema kutoka chini ya gari. "Ni Mwalimu Nanyama. Ana chumba cha kupangisha pia. Kwa klachi hii utakihitaji."

Selpher Nanyama alizaliwa juu mlimani, mahali ambapo shamba la kahawa limeinama kiasi kwamba mtu akiangusha kikapu hukifuata kwa jirani. Alisoma ualimu wakati wasichana wa rika lake walikuwa wameshaolewa, akapelekwa kwenye shule ya upande wa Nakaloke, akapewa darasa la tatu. Alilifundisha darasa hilo maisha yake yote. Mara mbili walitaka kumfanya mwalimu mkuu, mara mbili akakataa. Alisema mwalimu mkuu huulizwa mambo kwa barua, na barua huwezi kuitazama usoni.

Kanuni yake ilitokana na hasira. Zamani za Waingereza alikuja mkaguzi mwenye kaptura na soksi ndefu, akasimama mbele ya watoto na kuuliza nani anaweza kumwambia mvua inatoka wapi. Darasa zima likasimama na kuitikia kwa sauti moja, "Asubuhi njema, bwana." Ndilo jibu walilokuwa wamejifunza wiki nzima. Mkaguzi alifurahi, akaandika kwamba watoto wana adabu. Nanyama hakufurahi. Jumatatu iliyofuata aliwaambia watoto kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayejibu kabla hajalirudisha swali kwa mwenyewe aliyeliuliza, kwa maneno yake yeye anayejibu, na mwenye swali akubali kwamba hilo ndilo alilouliza. Aliyejibu swali ambalo hakuulizwa hakuchapwa. Alizunguka shule akiwauliza watu watatu swali lile lile, kisha alirudi kueleza kila mmoja alidhani ameulizwa nini.

Mume wake alikuwa karani wa reli, mtu wa Kisumu upande wa mama, na kutoka kwake ndipo Nanyama alipopata Kiswahili. Siku aliyokuja kumposa alimuuliza kama atakubali kuolewa naye. Nanyama akauliza kama anamaanisha kuolewa naye au kuhamia kwa mama yake. Karani alisimama kitambo, kofia mkononi, akifikiri. Waliishi vizuri miaka mingi, mbali na mama, mpaka homa ya matumbo ilipomchukua.

Darasa la tatu hupita, na wanaopita humo hukua. Walikuwa sokoni, polisi, zahanati, na kwenye meza ya karani wa mahakama. Foleni za Mbale zilikuwa ndefu kuliko za miji mingine, na wageni walinung'unika. Lakini katika mji ule ilikuwa vigumu kurudi nyumbani na mafuta ya taa wakati ulitumwa mafuta ya kula, na nesi wa zahanati hakuwahi kumdunga sindano mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

Omollo aliyajua haya yote kabla wiki haijaisha, maana kipuri cha klachi kilikuwa bado kinatafutwa na jioni za Mbale hazikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anakunywa chai barazani kwa Nanyama siku ambayo Nafuna alikuja.

Nafuna alikuwa mke wa Barasa, fundi cherehani aliyeshona kaptura za shule nyingi za mji ule. Yeye na mumewe wote walipita darasa la tatu. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mwalimu, Barasa amechukuliwa."

"Amechukuliwa na nani?"

"Wanajeshi. Kwenye kizuizi cha barabarani, akitoka Jinja na kitambaa cha kaptura. Utingo wa basi ameona kila kitu." Nafuna alieleza bila kulia, kama anayesoma. "Askari alimuuliza, kaki hii ni ya nani. Barasa akasema, Afande, unauliza nimenunua kwa nani au itavaliwa na nani?"

Omollo akaweka kikombe chini.

"Akapigwa kofi," Nafuna akaendelea. "Akauliza tena. Afande, umenipiga kwa sababu ya kaki, au kwa sababu nimeuliza? Ndipo wakamteremsha. Wanasema yuko kwenye kambi moja ya Jinja, kwenye njia ya Masese. Baba mkwe amekwenda. Ameambiwa hakuna mtu wa jina hilo."

Watu wa Mbale walijua maneno hayo yana maana gani. Waliokwenda kuulizia ndugu zao kwenye kambi zote walijibiwa hivyo hivyo, na baadaye walifanya matanga bila mwili.

"Alijibu nilivyomfundisha," Nanyama akasema.

"Mwalimu, sikuja kulaumu."

"Unasema hukuja kulaumu."

Nafuna akatazama chini. "Nimekuja kulaumu kidogo."

"Sawa. Hilo nimelielewa." Nanyama akamgeukia mpangaji wake. "Bwana Omollo, gari lako litapona lini?"

Omollo alitaka kujibu mara moja, akajizuia. "Unauliza litapona lini, au kama nitakupeleka Jinja?"

"Umekaa kwangu siku chache tu," Nanyama akasema, "na tayari unafaa."

Kipuri kilipatikana siku ile ile. Fundi wa magari alikuwa mwanafunzi wa Nanyama, na alipoambiwa gari ni la safari gani alikitoa kwenye gari la mteja aliyekuwa haulizi sana. Nafuna alitaka kwenda nao. Nanyama akamkataza: kama wanajeshi wataongeza mtu wa kumshika, heri wamwongeze asiye na watoto wadogo. Akavaa gauni lake la kufundishia, akachukua mwavuli, chupa ya chai na kikapu, akaketi mbele.

Omollo alijiambia kwamba Jinja ilikuwa njiani kwake hata hivyo. Alijiambia hivyo mpaka Iganga. Hapo aliona kizuizi cha kwanza kwa mbali, akapunguza mwendo.

"Mwalimu, nakuomba. Barabarani jibu haraka."

"Unaniomba nijibu haraka, au nijibu bila kujua nimeulizwa nini?"

"Yote mawili."

Nanyama akafikiri. "Basi nitanyamaza," akasema. "Kujibu hivyo siwezi."

Alinyamaza kwenye vizuizi vyote kama mtu aliyeweka maji mdomoni, huku Omollo akijibu kwa lugha yoyote iliyohitajika. Askari mmoja aliuliza kama bibi yule ni bubu. Omollo akasema ni mwalimu. Askari akasema mwalimu wake mwenyewe hakuwa mkimya hivyo; angalikuwa hivyo, angalimpenda.

Kambi ilikuwa kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, mabati juu, seng'enge kuzunguka, na harufu ya samaki wanaokaushwa ikipanda kutoka Masese. Nje ya seng'enge walikaa wanawake kumi hivi na wazee wawili, kila mmoja na chungu au kifurushi cha chakula kilichokwisha kupoa. Langoni alisimama kijana mwenye bunduki, mtu wa Soroti mwenye Kiswahili cha jeshini, aliyeitwa Otim. Wale wanawake walikuwa wamemzoea. Asubuhi alikuwa akisema hakuna mtu wa jina hilo, mchana akisema hivyo hivyo, na hakuwa mkali.

Nanyama alishuka, akafungua mwavuli, akaenda langoni taratibu. Omollo alimfuata nyuma akitamani awe Bujumbura.

"Habari, Afande."

"Muzuri, mama. Wewe nataka nini?"

"Naulizia Barasa, fundi cherehani wa Mbale. Yuko hapa?"

Wanawake hawakuinua vichwa. Jibu walilijua. Otim alifungua mdomo, akaufunga. Akaikuna shingo.

"Mama, wewe nauliza kama iko hapa, ama kama iko hai?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafukuza nzi alisimamisha mkono hewani.

Nanyama alimtazama kijana kwa makini, kama anayetafuta sura ya mtoto ndani ya sura ya mkubwa. Hakuiona. Huyu hakuwa wake.

"Umesoma Nakaloke?"

"Hapana. Mimi nasoma Soroti. Kidogo."

"Basi nani amekufundisha kujibu hivyo?"

Otim akatambua kwamba kwa kuuliza vile ameshajibu. Akasimama wima. "Hapana iko mutu ya jina hiyo hapa," akasema alivyoagizwa, lakini alikuwa amechelewa.

"Ahsante," Nanyama akasema. "Nimesikia. Sasa mwambie mkubwa wako kwamba mwalimu wa fundi amefika." Akageuza kikapu, akakikalia.

Mkubwa alikuwa Kapteni Matia, mtu mnene aliyechoka, ofisi yake ikiwa chumba cha mizani ya pamba. Aliwaacha wasimame. Alisema hakuna mtu wa jina hilo katika kambi yake.

"Hilo nimeshaambiwa," Nanyama akasema. "Ila askari wako alijibu vizuri zaidi kabla ya hapo."

Kapteni akafunga macho kidogo. "Otim?"

"Simjui jina."

"Ni Otim." Akaegemea kiti. "Kwa hiyo ni wewe. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa Mbale."

Kapteni, kama mtu aliyengoja muda mrefu kupata wa kumlalamikia, akaendelea mwenyewe. Fundi alikuwa amewekwa chumba cha walinzi akishona sare zilizochanika, maana cherehani ilikuwepo na mshonaji hakuwepo. Askari waliokuwa zamu walikaa naye. Aliwarudishia kila walichomuuliza, wakacheka, wakaanza kuulizana wao kwa wao kwa mchezo, kisha mchezo ukatoka nje ya chumba.

"Nikisema wafunge barabara, wananiuliza: Afande, ya Iganga au ya Kampala? Zamani walifunga yoyote."

"Na hilo ni baya?"

"Unauliza kama ni baya kwa kazi, au kwa..." Kapteni akasita. Akamtazama Omollo kama shahidi. "Unaona?"

"Naona, Afande," Omollo akasema.

"Nikakasirika. Nikatoa amri juu ya fundi." Kapteni alikuwa sasa anaangalia mizani. "Sikusema mambo mengi. Hapa hatusemi mambo mengi. Otim akapiga saluti, akairudisha kwangu. Akasema, Afande, unasema usiku tumpeleke fundi msituni, sisi turudi, yeye abaki. Ni hivyo?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ukamjibu nini?" Nanyama akauliza.

"Nikamwambia angoje."

"Na sasa?"

"Bado anangoja." Kapteni akajipangusa uso. "Amri nimezitoa nyingi, mama. Mimi hupewa kwa simu, nazipitisha kama ndoo za maji kwenye mstari wa kuzima moto. Sikuwahi kuisikia hata moja."

Nanyama alingoja mpaka alipokuwa na hakika kwamba amemaliza. Kisha akasema kwa sauti aliyotumia na watoto wa miaka minane, ambayo haikuwa ya upole wala ya ukali.

"Kapteni, nirudishe nilichosikia. Umesema fundi anawaharibu askari wako. Unataka asiwe hapa. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Mimi nimekuja kwa sababu nataka asiwe hapa. Tunatofautiana wapi?"

Kapteni akatafuta. Ilionekana kwamba anatafuta kwa dhati.

"Siwezi kumtoa bure," akasema. "Wakubwa wangu wataniuliza. Wataona mwanamke amekuja na mwavuli, mtu akatoka." Akatazama nje ya dirisha, macho yakasimama kwenye pikapu. "Lori letu limekufa. Askari hawajala samaki, na Masese ni pale chini. Wewe mwenye gari, utabaki hapa ubebe samaki."

Omollo alihisi miguu yake ikitaka kwenda Bukavu. Alikuwa ameondoka katika kila mji kabla ya mtu kumwomba abaki, na hakuwa na mazoezi. Alichosikia kikitoka kinywani mwake kilimshangaza.

"Afande, unaniuliza au unaniambia?"

Kapteni Matia alitazama darini. "Na huyu pia."

"Alipanga kwangu," Nanyama akasema.

Aliyekuwa akipasua kuni akapumzika.

"Nakuuliza," Kapteni akasema, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua.

Alikuwa ameulizwa kweli, kwa hiyo angeweza kukataa, na Omollo alilitazama jambo hilo kwa muda, kwa mshangao. Nanyama hakumtazama. Alikuwa anaangalia mwavuli wake, ili asimsaidie kujibu.

"Basi nitabaki mpaka lori lenu lipone," Omollo akasema.

"Lori halina injini," Kapteni akasema.

Walimkuta Barasa kwenye cherehani, jicho moja limevimba na kuanza kuwa la manjano, shati la mtu magotini. Alipomwona Nanyama alisimama wima, mikono ubavuni, kama zamani darasani.

"Mwalimu, umekuja kunichukua au kunitazama?"

"Kukuchukua."

"Basi niruhusu nimalize kifungo hiki. Mwenyewe anaingia zamu."

"Maliza," Nanyama akasema, akakaa kwenye gunia kumngoja. Aliushika mwavuli kwa mikono miwili mpaka uzi ulipokatwa.

Otim ndiye aliyefungua lango. Wanawake wa seng'enge walikuwa wamesimama. Wengi wao hawakuwahi kuona mtu akitoka kwa lango lile mchana kwa miguu yake, na walimtazama Barasa kama wanamhesabu viungo. Mwanamke mmoja wa makamo, mwenye chungu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akamshika Nanyama mkono.

"Mama, ulimwambia nini?"

Nanyama alisimama. Omollo alimwona akitazama basi la Mbale lililokuwa linakuja kwa mbali likiyumba, kisha akalitazama tena lile lango na kijana mwenye bunduki.

"Sikumwambia. Nilimuuliza. Ulizeni mmoja mmoja, polepole, na jina kamili. Kisha ngojeni kijana huyu alirudishe swali. Msiondoke kabla hajalirudisha."

Basi likasimama. Barasa alipanda kwanza, akampa mkono mwalimu wake. Kutoka mlangoni Nanyama akamgeukia Omollo.

"Chumba chako nisikipangishe?"

"Unauliza kama nitarudi," Omollo akasema, "au kama wataniachia?"

"La kwanza. La pili haliko mkononi mwako."

"Nitarudi."

Nanyama akatikisa kichwa kukubali, kama anayeweka alama ya vema, akaingia ndani. Basi likaondoka, likipanda kuelekea njia ya Iganga, mwavuli ukionekana kwenye dirisha la nyuma mpaka vumbi lilipoufunika. Omollo alibaki barabarani na funguo za pikapu mkononi. Harufu ya samaki ilikuwa kali sasa, na alijua ya kwamba ataizoea.

Nyuma yake, langoni, mwanamke wa chungu alikuwa amesogea mbele. Alitaja jina la mwanawe, la baba, la babu na la kijiji, taratibu, akauliza kama yuko. Kisha akanyamaza akingoja.

Otim aliikuna shingo.

"Mama," akasema, "wewe nauliza..."